Maudhui yanayomshika msomaji: kutumia saikolojia ya ushawishi na prompti za akili mnemba, hatua kwa hatua

Ukiiambia ChatGPT, Claude au Gemini "niandikie posti ya kuvutia kuhusu kuweka hesabu za biashara ndogo", posti utaipata. Itaanza na swali ambalo hakuna aliyeuliza, itafuata na faida tano, kisha itamhimiza msomaji achukue hatua leo. Sarufi iko sawa, lakini haimsemeshi mtu yeyote. Modeli hizi hutabiri maneno yanayoelekea kufuata, kwa kutegemea maandishi mengi mno yaliyotumika kuzifunza. Ombi lisilo na kitu ndani hurudi na wastani wa kila kilichokwisha kuandikwa juu ya mada hiyo, na wastani haumshawishi mtu.

Kwa hiyo kazi igawanywe. Saikolojia ikusaidie kuamua useme nini na umwambie nani. Prompti, yaani maelekezo unayoiandikia modeli, ikupatie njia nyingi za kulisema jambo hilo. Ukweli ulete wewe, kwa sababu modeli haina ukweli wa kazi yako. Mfano wetu hadi mwisho ni mwalimu wa mtandaoni anayefundisha kuweka hesabu, na anayetaka wenye biashara ndogo wapakue jedwali la bure la kuandikia mapato na matumizi.

Hatua ya 1: Tafuta kinachomzuia msomaji

Usianze na kanuni za ushawishi. Anza na sentensi moja: "Nataka fulani afanye jambo fulani, na hafanyi kwa sababu fulani." Sehemu ngumu ni hiyo sababu. Usiibuni, wala usiiombe modeli ikubunie, maana itakupa sababu zenye mantiki ambazo hakuna mtu aliyezitamka.

Kusanya kauli 20 hadi 30 za wasomaji wenyewe: maswali wanayokutumia, maoni chini ya posti zako na za wengine wanaofundisha mada hiyo, malalamiko ya walioacha. Nakili kila kauli ilivyo, hata kama imeandikwa vibaya, kwa kuwa namna mtu anavyolitaja tatizo lake ndiyo utakayoihitaji baadaye. Futa majina, namba za simu na chochote kinachomtambulisha mtu kabla ya kubandika kauli hizo kwenye programu yoyote.

Prompti ya kwanza ni ya kupanga tu:

> Hapa chini kuna kauli 27 za watu wenye biashara ndogo. Zipange katika makundi kulingana na kinachowazuia kuandika hesabu zao. Kwa kila kundi taja idadi ya kauli, kisha nukuu mbili neno kwa neno. Usiongeze kizuizi ambacho hakimo katika kauli hizi. Kauli isiyoingia kundi lolote iweke peke yake.

Sentensi mbili za mwisho ndizo zinazoibana modeli isijaze mapengo kwa mambo yake. Hata hivyo hesabu mwenyewe idadi iliyokupa, kwa sababu kuhesabu si fani yake, na tafuta kila nukuu ndani ya faili lako uone kama imo kweli. Nukuu "iliyonyooshwa kidogo" ni jambo la kawaida sana.

Tuseme makundi yamekuja matatu: "yote nayajua kichwani" kauli 12, "sijui nianzie wapi" kauli 9, na "nilianza nikaacha" kauli 6. Hawa ni wasomaji watatu tofauti, na posti moja haiwezi kuwasemesha wote. Kila kizuizi kipewe posti yake.

Hatua ya 2: Chagua nguvu moja inayolingana na kizuizi hicho

Robert Cialdini, mwanasaikolojia wa Marekani, alizitaja nguvu sita za ushawishi mwaka 1984: kulipa fadhila, kushikamana na ulichokwisha kukikubali, kufuata wanavyofanya wengine, kumwamini mjuzi, kumkubali unayempenda, na kukitaka kilicho adimu. Mwaka 2016 aliongeza ya saba, ile hisia kwamba huyu ni mwenzetu. Ongeza na mbili za wengine. Daniel Kahneman na Amos Tversky walionyesha mwaka 1979 kwamba hasara humuuma mtu kuliko faida ya kiasi hichohicho inavyomfurahisha, na George Loewenstein mwaka 1994 alieleza udadisi kuwa ni pengo kati ya unachokijua na unachotamani kukijua.

Kosa linaloharibu prompti nyingi ni agizo la "tumia kanuni zote za ushawishi". Modeli itatii, na utapata posti inayopiga debe kila mstari: nafasi chache, wataalamu wanakubali, maelfu wameshajiunga, usikose. Nguvu moja kwa posti inatosha.

Msomaji anayesema *yote nayajua kichwani* hahitaji maelezo zaidi, kwa sababu haamini kwamba ana tatizo. Kwake tumia pengo la udadisi. Muulize kitu ambacho kichwa chake hakiwezi kukijibu: "Mwezi uliopita, ni bidhaa gani iliyokuletea faida ndogo kuliko zote?" Akikwama, amejithibitishia mwenyewe, na hujamwambia kwamba amekosea.

*Sijui nianzie wapi* ameshashawishika, na kilichobaki ni njia tu. Ukimtisha kwa hasara utazidi kumgandisha. Mpe hatua moja ya dakika tano. Sheena Iyengar na Mark Lepper walichapisha mwaka 2000 jaribio la meza ya jemu dukani: yenye aina 24 ilivuta watu wengi zaidi kuja kuonja kuliko yenye aina 6, lakini walionunua ni takriban asilimia 3 kwenye meza kubwa na 30 kwenye ndogo. Tafiti za baadaye hazikuona tofauti hiyo kila mahali. Ila kwa mtu ambaye tayari amechanganyikiwa, kumpa "njia 10 za kuanza" ni kumuongezea mzigo.

Kwa *nilianza nikaacha*, kinachosaidia ni mtu mmoja wa kweli aliyeacha akarudi, pamoja na kilichomrudisha. Awe ametoa ruhusa kisa chake kitumike. Kama huna mtu huyo, usimuumbe. Eleza kwa nini watu huacha na namna ya kurudi bila kuanza upya, na nguvu ya kufuata wengine iache hadi utakapokuwa na ushahidi.

Kuna mitego miwili ambayo modeli hukutegea bila kujua. Wa kwanza ni sentensi kama "wenye biashara wengi hawaandiki hesabu zao". Imekusudiwa kushtua, lakini anachosikia msomaji ni kwamba yuko pamoja na wengi. Cialdini na wenzake waliliona hilo katika hifadhi ya Petrified Forest huko Arizona, ambako wageni huiba vipande vya miti iliyogeuka mawe. Kibao kilichosema kwamba wageni wengi wa awali walichukua vipande kilifuatiwa na wizi mkubwa kuliko kibao kilichowaomba tu watu wasichukue. Kataza sentensi za aina hiyo ndani ya prompti. Mtego wa pili ni uhaba wa uongo. Jedwali la kupakua haliishi, na msomaji anajua haliishi. "Zimebaki nafasi 3" inamfundisha asiamini na sentensi nyingine zilizobaki. Shinikizo likizidi, watu hukataa ili kulinda uhuru wao wa kuchagua, jambo ambalo Jack Brehm alilieleza mwaka 1966.

Hatua ya 3: Andaa ukurasa wa ukweli

Ni faili moja, lisilozidi ukurasa, utakalolibandika kwenye kila prompti. Liwe na mambo haya: kitu chenyewe ni nini, ni cha nani, hakifanyi nini (hili wengi hulisahau, nalo huaminisha kuliko sifa zote), namba unazoweza kuzithibitisha, na kisa kimoja chenye ruhusa ikiwa kipo. Kwa mfano wetu: jedwali lina safu nne, linafunguka kwenye simu, kuandika mauzo ya siku moja huchukua dakika chache, na halikokotoi kodi.

Mwishoni weka aya mbili au tatu ulizoandika wewe mwenyewe zamani, zile unazozipenda. Modeli huiga mfano vizuri kuliko inavyofuata sifa. Ukiiambia "andika kwa ucheshi na ukaribu" itakuletea ucheshi wa kila mtu. Ukiipa aya zako tatu itakaribia urefu wa sentensi zako na namna unavyofunga hoja.

Hatua ya 4: Omba mistari ya kwanza tu, na iwe mingi

Usiombe posti nzima. Mstari wa kwanza ndio unaoamua kama mengine yatasomwa. Instagram huficha maelezo ya picha baada ya takriban herufi 125, posti ya kawaida ya X ina nafasi ya herufi 280, na kichwa cha video ya YouTube hakizidi herufi 100. Prompti kamili ni hii:

> Msomaji: mwenye biashara ndogo anayesema "yote nayajua kichwani".
> Lengo: apakue jedwali la mapato na matumizi.
> Nguvu: pengo la udadisi peke yake. Agundue jambo moja kuhusu biashara yake ambalo hawezi kulijibu bila maandishi.
> Ukweli unaoruhusiwa: [bandika ukurasa wako]. Usitumie takwimu, jina wala kisa kisichomo humo.
> Mwiko: "je, umewahi", "katika ulimwengu wa leo", "siri", "watu wengi", "hutaamini", alama ya mshangao, emoji.
> Sauti: fuata mifano hii: [bandika aya zako].
> Kazi: andika mistari ya kwanza 15, kila mmoja usizidi herufi 120. Minne iwe maswali, minne kauli fupi, minne ionyeshe hali halisi dukani, mitatu itumie namba iliyomo katika ukweli. Usiandike posti bado.

Kwa nini 15? Kwa sababu mitano ya mwanzo kwa kawaida ni ile ambayo yeyote angeiandika. Mgawanyo wa aina nne nao una kazi: bila huo utapata swali lilelile likiwa limevaa nguo kumi na tano.

Kuchagua ni kwako. Chukua kila mstari ujiulize kama ungeweza kukaa juu ya posti ya mada nyingine kabisa. "Kuna jambo moja ambalo biashara yako inakuficha" unaweza kuuza dawa ya mende, futa. "Chupa ya soda uliyouza jana: uliinunua kiasi gani?" hauwezi kukaa kwingine. Bakiza miwili. Kama hakuna wa maana, usibonyeze kitufe cha kurudia ukitumaini bahati. Iambie modeli ni upi uliokaribia na kwa nini, kisha omba mitano mingine.

Pengo ukilifungua, lifunge mapema. Msomaji apate jibu kabla hajafika nusu ya maandishi. Wanaolihifadhi hadi mstari wa mwisho hupata mbofyo mmoja na kumpoteza mtu moja kwa moja.

Hatua ya 5: Andika mwili, kisha ombi moja

Sasa iombe modeli rasimu ya maneno 150 hadi 180 kutokana na mstari uliouchagua, ukiipa mpangilio: aya ya kwanza ijibu swali la mstari wa kwanza, ya pili ionyeshe mfano mmoja wenye hesabu iliyofanywa mbele ya msomaji, ya mwisho iombe jambo moja. Hesabu hiyo ikague kwa kikokotoo.

Ombi la mwisho linastahili muda mrefu kuliko ule linaopewa na wengi. Mwaka 1965 Howard Leventhal na wenzake waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu cha Yale vijitabu kuhusu chanjo ya pepopunda, baadhi vikiwa vya kutisha sana na vingine si sana. Kilichoongeza idadi ya waliokwenda kuchanjwa hakikuwa ukali wa woga. Waliopewa pia ramani ya kituo na maelekezo ya kupanga muda wa kwenda walifika asilimia 28 hivi, huku wasiopewa wakiwa karibu asilimia 3. Kwa hiyo "chukua hatua sasa" haitoshi. Andika: "Bofya kiungo kilicho hapa chini, fungua jedwali kwenye simu, andika mauzo matatu ya mwisho ya leo kabla hujafunga duka." Msomaji anajua wapi, lini na kiasi gani.

Ombi liwe na sababu, na uzito wa sababu ulingane na uzito wa ombi. Katika jaribio la Ellen Langer la mwaka 1978, mtu aliyeomba kutangulia kwenye mashine ya fotokopi akiwa na kurasa 5 alikubaliwa kwa asilimia 60 bila sababu, 94 kwa sababu ya kweli, na 93 hata kwa sababu tupu ya "kwa sababu nataka kutoa kopi". Alipokuwa na kurasa 20, sababu tupu haikuongeza chochote: 24 na 24, ila sababu ya kweli ilifika 42. Kwa jedwali la bure sentensi moja ya sababu inatosha. Kwa kozi ya kulipia, maneno mazuri bila hoja hayatakufikisha popote.

Usimwombe msomaji aandike "NDIYO" kwenye maoni au amtaje rafiki yake ili tu posti ionekane. Facebook ilitangaza mwaka 2017 kwamba itazipunguzia posti za namna hiyo nafasi ya kuonekana.

Hatua ya 6: Igeuze modeli kuwa msomaji mbishi

Fungua mazungumzo mapya. Katika mazungumzo yaleyale modeli ina historia yote ya mliyokubaliana, nayo huelekea kuitetea. Tena usiulize "je, ni nzuri?", kwa sababu itakusifu, modeli hizi zina tabia ya kukubaliana na anayeuliza.

> Wewe ni mwenye biashara mwenye haraka, usiyeamini matangazo. Soma posti hii sentensi kwa sentensi. Onyesha (a) mahali ambapo ungeacha kusoma na kwa nini, (b) kila dai lisilo na ushahidi, (c) kila sentensi ambayo ungeweza kuiona kwenye tangazo lingine lolote. Usiandike upya. Usisifu.

"Usiandike upya" ni muhimu. Ikiruhusiwa kurekebisha, modeli husawazisha kila kitu na kukuondolea zile sentensi mbili zilizokuwa na sura yako. Marekebisho fanya kwa mkono. Halafu soma kwa sauti: Kiswahili cha modeli mara nyingi hupita kwenye macho na kukwama mdomoni, hasa pale upatanisho wa ngeli unapopotea katika sentensi ndefu au sentensi inapobeba mpangilio wa Kiingereza.

Hatua ya 7: Kagua ukweli

Pigia mstari kila namba, jina, nukuu na neno kama "utafiti unaonyesha". Kisichomo katika ukurasa wako wa ukweli kifute, hata kama kinapendeza. Hakuna maoni ya wateja yaliyotungwa. Tangu Oktoba 2024 kanuni ya tume ya biashara ya Marekani, FTC, inakataza kutunga na kuuza tathmini bandia za wateja, zikiwemo zilizoandikwa na akili mnemba, na mkiukaji anaweza kutozwa faini. YouTube nayo tangu 2024 inamtaka mtengenezaji aseme anapotumia picha au sauti zilizotengenezwa kwa kompyuta zikaonekana za kweli. Kipimo kingine kisichohitaji sheria: msomaji akielezwa mbinu uliyoitumia kwake, ataona amesaidiwa au amechezewa?

Hatua ya 8: Jaribu mistari miwili na usome matokeo bila kujidanganya

Ile miwili uliyobakiza irushe kama matoleo mawili, kitu kingine chote kikiwa kilekile: picha, ombi, siku za juma, saa. Ukibadilisha viwili hutajua kipi kilifanya kazi. Kama jukwaa lako lina zana ya kugawa watazamaji kwa nasibu, itumie.

Tuseme kila toleo limeonwa na watu 1,000. La kwanza limebofywa mara 20, la pili 26. Wengi wangelitangaza la pili kuwa mshindi. Tumia kipimo hiki cha haraka, kinachofaa pale matoleo yote mawili yameonwa na idadi sawa: jumlisha mibofyo, tafuta kipeuo cha pili cha jumla hiyo, zidisha kwa 2. Hapa jumla ni 46, kipeuo chake ni kama 6.8, mara mbili ni 13.6. Tofauti ya 6 haifiki huko, kwa hiyo huenda ni bahati tu. Kama ingekuwa 20 kwa 40, kipimo kingekuwa 15.5 na tofauti 20. Hapo una jambo la kushika.

Matokeo mabaya nayo yana tafsiri. Wengi wakiona na wachache wakifungua, tatizo ni mstari wa kwanza, rudi hatua ya 4. Wakifungua na kuondoka katikati, ahadi ya mstari haikulipwa, tazama aya ya pili. Wakisoma hadi mwisho, wakasifu kwenye maoni, lakini hawapakui, mara nyingi ombi halieleweki au liko mbali na kiungo. Na wakipakua wasilitumie jedwali, usiguse maneno ya posti: andika ujumbe wa siku ya pili unaowaomba waingize mauzo ya siku moja tu, kwa kuwa kizuizi chao sasa ni kile cha kundi la tatu.

Kila posti iliyofanya vizuri ihifadhi pamoja na prompti yake, kizuizi, nguvu iliyotumika na tarehe. Modeli husasishwa, na prompti iliyokuwa ikitoa mistari mizuri inaweza kuanza kutoa mingine. Ikitokea hivyo, badilisha kwanza aya za mfano wa sauti kabla ya kugusa maelekezo mengine.